Watangazaji Waliopita Kwenye Meza ya Fundi

Fundi wa redio hahitaji kuuliza nani ana jina. Mteja akileta redio iliyonyamaza, hasemi spika imetoboka au waya umekatika, maana hayo hayajui. Husema, "Fundi, ukinikosesha Mambo wiki hii tutakosana." Kwa miaka mingi hapa Kitale jina hilo la mtangazaji lilitosha. Hakuna aliyeuliza Mambo gani.

Mimi ni mtu wa Chwele, Bungoma. Kazi nilijifunza Kitale, kwa Mhindi aliyekuwa na duka la redio na baiskeli, kisha nikafungua kibanda changu karibu na stendi ya matatu. Nimefungua Philips, National na Sanyo mpaka nguo zangu zikanuka lehemu hata siku ya kanisa. Kwa hiyo nikisimulia jinsi watu wa upande huu walivyopata umaarufu kwa sauti zao, nasimulia kutoka nyuma ya redio, kule kwenye skrubu na vumbi.

Vijana hudhani umaarufu wa mshika maikrofoni ulikuja na runinga. Kwetu Bungoma ulianza matangani.

Akifa mzee wa Kibukusu mwenye heshima yake, aliyeacha wajukuu na jina lisilo doa, baada ya maziko huitwa mtu wa kuswala kumuse, yaani kuwahutubia waombolezaji. Si kila marehemu hufanyiwa hivyo, na si kila mwenye ulimi mwepesi huruhusiwa kusimama. Kazi hiyo ina koo zake, na mtoto wa ukoo mwingine, hata awe na kipaji cha kutoa nyoka pangoni, hukaa chini akasikiliza. Mzee huyo huja na vazi lake na fimbo yake. Watu huketi wakamwachia njia katikati, naye hutembea huku na huku akisema, huku na huku, kwa saa nyingi. Hakuna kusimama ovyo wala kukatiza mbele yake. Nilipokuwa mdogo kuka, yaani babu yangu, alinifinya sikio kwa sababu tu nilipiga chafya.

Na husema nini? Huanza mbali. Hueleza tulivyotoka Misri, kama wazee wanavyosimulia, tukazunguka mpaka Mlima Elgon. Hutaja waliouawa Chetambe mwaka 1895, ngome yetu ilipovunjwa na jeshi la Mwingereza lenye bunduki za rashasha. Huwataja waonaji, Maina wa Nalukale na Mutonyi wa Nabukelembe, waliosema wageni watakuja kabla hawajaja. Siku hizi humtaja pia Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, ambaye kabla ya kupambana na serikali ya kikoloni alikuwa mchezaji wa mpira, akaichezea Kenya Kombe la Gossage mwaka 1930. Kisha huwageukia walio hai: wanaogombea mashamba, wanaopiga wake, wanaouza ng'ombe wa urithi wakanywa. Husema haya bila kumwogopa chifu wala mbunge aliyeketi pale kwenye viti vya mbele. Mzee Manguliechi alijulikana kwa kazi hiyo Bungoma nzima na kuvuka mpaka Trans Nzoia, na watafiti wa vyuo vikuu wakaziandikia hotuba zake tasnifu. Hakuwa na kituo, hakuwa na picha gazetini. Habari kwamba ndiye atakayesema zilijaza boma kabla jua halijatoka.

Mtu wa kumuse ndiye mtangazaji wetu wa kwanza, na lililomfanya asikilizwe ni idhini. Jamii ilikuwa imekubali mapema nani aseme na wengine wanyamaze. Kila chombo kilichofuata kilikuja na swali hilohilo kikalijibu kwa namna yake.

Redio ilianza kutangaza Kenya mwaka 1928, na haikuwa yetu. Ilikuwa ya walowezi waliotaka habari za kwao Uingereza, na Trans Nzoia ilijaa walowezi wa aina hiyo, wenye mahindi na ng'ombe wa maziwa, reli ikiwa imefika Kitale miaka miwili tu kabla. Mwafrika alianza kutangaziwa kwa lugha zake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu vijana walikuwa wamepelekwa vitani na serikali ilitaka wazazi wao watulie. Runinga ikaja 1962. Mwaka 1964 serikali mpya ikachukua vyote viwili na kuviita Sauti ya Kenya, VOK.

Mwaka huohuo kijana wa miaka 24 aliingia VOK. Leonard Mambo Mbotela alizaliwa Mombasa mwaka 1940, katika ukoo wa watumwa waliokombolewa na kupewa makao Frere Town. Baba yake, James Mbotela, ndiye mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu cha 1934 ambacho wengi wa rika langu walikisoma darasani. Lakini kijana huyo wa Pwani alikuja kusoma sekondari huku bara, Kitale, na hapo ndipo hamu ya uandishi wa habari ilipomshika. Watu wa Kitale hawakusahau hilo. Wazee waliokaa kwenye benchi langu wakisubiri redio zao walimzungumzia kama mtoto aliyetoka hapa akaenda mjini kutuwakilisha, ingawa Kiswahili chake hakikuwa cha hapa hata kidogo.

Mwaka 1966 alianzisha Je, Huu ni Ungwana?, kipindi kilichodumu zaidi ya miaka 50. Ukikiangalia kwa jicho la kumuse, kilikuwa kumuse cha taifa. Anayekohoa mezani bila kuziba mdomo, anayepanda basi akamwachia mama mjamzito asimame, mgeni anayefungua sufuria jikoni: wote walisemwa bila kutajwa majina, na kila aliyesikia alimtazama jirani yake. Tofauti ni kwamba Mambo alicheka. Mtu wa kumuse hachekeshi kwa urahisi hivyo.

Ukoo wa kumpa Mambo idhini ya kusema haukuwako. Kilichompa ni lafudhi, na hapo sisi wa Bungoma tulikwama. Mtoto wa Kibukusu aliyeamka akataka kuwa mtangazaji wa Kiswahili alijua mapema kwamba ulimi wake utamsaliti: gari litakuwa kari, dada atakuwa tata, na waliomsikia watacheka kabla hajamaliza habari. Wapo waliokwenda Taasisi ya Mawasiliano ya Umma jijini Nairobi wakajisugua ulimi mpaka ukang'aa. Wengi walibaki kuwa waalimu wa zamu wenye sauti kubwa paredi, waongozaji wa harambee, na wahubiri. Nimesikia wahubiri wa Kimilili ambao, wangezaliwa Lamu, wangesoma taarifa ya saa moja.

Siku sauti ya Mambo ilipotutisha ilikuwa Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Askari waasi wa Jeshi la Anga, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, walimtoa nyumbani kwake Ngara kabla ya mapambazuko, wakampeleka studioni atangaze kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Mimi nilikuwa kibandani. Watu walileta redio nzima kabisa, wakaniomba nizikague kama zimeharibika, kwa sababu walitaka liwe kosa la mashine. Siku hiyohiyo, baada ya majeshi tiifu kukikomboa kituo, sauti ileile ilitangaza kwamba serikali ipo. Hapo nilielewa kwa nini waasi hawakujisomea wenyewe. Walikuwa na bunduki lakini hawakuwa na idhini. Wakenya wangemwamini nani, kama si yule waliyemzoea akiwafundisha adabu?

Basi mwaka huohuo wa 1982, na 1983, na 1984, AFC Leopards walichukua kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, na biashara yangu ilistawi. Kwa Mluhya wa enzi hizo, sisi Wabukusu tukiwemo, Ingwe, kama tulivyoiita, ilikuwa zaidi ya timu. Wanaume waliokaa bila betri mwezi mzima walinunua mpya kwa mechi moja. Wasio na uwezo walizianika zile za zamani juu ya bati zipate nguvu kidogo, na kweli zilipata, za kipindi kimoja cha kwanza. Mtangazaji wa mpira redioni alikuwa na cheo cha pekee: unamwona mchezaji kwa maneno yake tu. Mambo alitangaza mpira pia, na wapo waliosema kwamba Ingwe ilicheza vizuri zaidi kwake redioni kuliko uwanjani. Mimi nilipokwenda uwanjani kwa mara ya kwanza nilikubaliana nao.

Sasa nizungumze juu ya umaarufu mwingine, ule wa wapenzi wa salamu, kwa sababu wanahistoria wanaupita. Ulinunua kadi ya salamu, ukajaza jina lako na orodha ya unaowasalimu, ukaituma Nairobi, kisha ukangoja. Siku jina lako liliposomwa hewani, kijiji kizima kilikuwa kimesikia. Watu walijibatiza majina ya kuvutia, marefu, yenye vyeo visivyokuwapo. Palikuwa na mama muuza mboga soko la Kitale ambaye alijulikana Mombasa, Voi na Isiolo kabla hajawahi kupanda gari la kufika Eldoret. Wapenzi hao walikuja kufahamiana kwa sauti ya mtu wa tatu, wakaanza kutembeleana, kuchangiana matanga, hata kuoana. Nilikuwa natengeneza redio ya mama yule bure. Hakuniomba. Lakini alinisalimu hewani kwa jina la kibanda changu, na wiki hiyo nilipata wateja kutoka Kapenguria.

Runinga ilikuja kwetu polepole, na ikaja na mchangamchanga. Tuliiona kwanza kwenye kantini za viwanda, kwa wafanyakazi wa karatasi Webuye na wa sukari Nzoia. Baadaye zikafika zile Great Wall ndogo za Kichina, nyeusi na nyeupe, za kuendeshwa kwa betri ya gari. Betri ilipelekwa kwa baiskeli kuchajiwa kwenye posho mill, na erio ilifungwa juu ya mti wa mwanzi ambao mtoto mmoja aliwekwa auzungushe huku wengine ndani wakipiga kelele: rudisha, rudisha, hapo hapo! Mtu mwenye Great Wall alikuwa na wageni kila Jumapili, wengine hawakuwafahamu wenyeji wao kwa jina.

Humo ndimo Wakenya walimomwona msoma habari Catherine Kasavuli. Mzaliwa wa 1962, mwenye asili ya Vihiga hapa magharibi, aliingia VOK akiwa na miaka 18 tu, kwenye redio ya Kiingereza, kisha akahamia runinga. KTN ilipofunguliwa Machi 1990, ikiwa kituo cha kwanza cha runinga kisicho cha serikali, alikwenda huko, akawa mwanamke wa kwanza Kenya kusoma habari moja kwa moja hewani. Kwetu huku KTN ilichelewa kufika, kwa hiyo akiwa huko tulimfuatilia kwanza kwa magazeti na kwa simulizi za waliotoka Nairobi. Wazazi walianza kuwaita watoto wa kike Catherine, na nina hakika si wote walimwazia mtakatifu. Alifariki Desemba 2022. Jambo moja lilinikera wakati wa kumwomboleza: kila mtu alisifu uzuri wake na nguo zake. Mimi nilimsikia zaidi ya nilivyomwona, maana picha ya Great Wall haikuonyesha nguo ya mtu. Alijua kupumzika katikati ya sentensi. Kule kutokimbia ndiko mtu wa kumuse anakokuwa nako.

Lafudhi yetu wenyewe iliingia runingani kupitia mlango wa nyuma, kwa kuchekwa. Kwenye vichekesho Mluhya alikuwa bawabu au mpishi. Papa Shirandula wa runinga ya Citizen, aliyeigizwa na Charles Bukeko, alikuwa mlinzi anayeficha kazi yake kwa mkewe, na Awinja, aliyeigizwa na Jacky Vike, alikuwa msichana wa kazi. Nilicheka kama wengine, na Bukeko alipofariki Julai 2020 niliguswa kama nimepoteza mtu wa ukoo. Lakini nilikuwa na mteja Bungoma, mlinzi kweli wa benki, ambaye hakukitazama kipindi kile hata mara moja. Alisema, "Fundi, mimi huvaa hiyo yunifomu usiku kucha. Nikiivua sitaki kuiona tena." Na tukumbuke kuwa mchezo huu wa lafudhi ulikuwa wa nchi nzima. Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi, Mjaluo tuliyempenda wote, aliigizwa na Benson Wanjau, ambaye alikuwa Mkikuyu.

Makamu wa Rais Michael Kijana Wamalwa alipofariki London Agosti 2003, akazikwa shambani kwake Kitale, kamera zilikuja kwetu badala ya sisi kuzifuata. Wamalwa alikuwa msemaji wa aina yake. Kiingereza chake kiliwashinda wenye Kiingereza, na utani wake ulikuwa wa Kibukusu mtupu. Siku zile mji ulijaa magari yenye sahani za setelaiti juu, na vijana wa hapa waliwaona watangazaji kwa macho, wakagundua kuwa ni watu wafupi kwa warefu, wanakunywa chai kwenye vibanda na kuuliza choo kiko wapi. Nadhani siku zile ziliwafungua macho vijana wengi kuliko somo lolote la shuleni.

Haukupita muda mrefu masafa ya FM yakatufikia. West FM ikafunguliwa mjini Bungoma kwenyewe. Royal Media wakaanzisha Mulembe FM kwa Waluhya wote, na Sulwe FM kwa Kibukusu. Dayosisi ya Kikatoliki ya Kitale ikawa na Redio Imani. Ghafla ulimi ulioitwa mzito ukawa ndio unaotafutwa. Kijana aliyekataliwa Nairobi kwa kusema kari aliajiriwa kwa sababu anajua methali za bibi yake, nyimbo za tohara za mwezi wa nane, na majina ya koo zote kutoka Sirisia hadi Kiminini. Nauliza: je, huo si ushindi? Kwangu ni ushindi mkubwa kuliko wa mtu yeyote aliyekwenda kusoma habari Nairobi.

Ila una upande wake mchungu, na Trans Nzoia haiwezi kujidai haiujui. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 damu ilipomwagika, redio za lugha za mama zilinyooshewa kidole. Joshua arap Sang, mtangazaji wa asubuhi wa Kass FM, kituo cha Kikalenjin kilichosikilizwa sana upande wetu, alifikishwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague pamoja na William Ruto. Kesi ilianza Septemba 2013. Aprili 2016 majaji waliifunga kwa sababu ushahidi haukutosha. Simhukumu ambaye mahakama haikumtia hatiani. Ninalosema ni kwamba tangu hapo niliona watangazaji wa hapa wakipima maneno wanapopokea simu za wasikilizaji. Mtu wa kumuse alikuwa na wazee nyuma yake wa kumkanya. Mtangazaji wa FM ana tajiri wa kituo, na tajiri huangalia matangazo ya biashara.

Leo hata tajiri hahitajiki. David Oyando, kijana wa Kitale aliyesomea uuguzi, alijipaka rangi usoni, akavaa matambara, akajiita Mulamwah na kujirekodi kwa simu. Watu wakamfuata kwa maelfu, na baada ya hapo ndipo redio ya Nairobi ilipomfuata yeye. Safari iligeuka: zamani kituo kilimpa mtu jina, sasa mtu analeta jina kituoni. Lakini mwanzoni mwa 2020 alizichoma zile nguo zake za uchekeshaji mbele ya kamera, akisema matusi ya mtandaoni yamemchosha. Baadaye alirudi kazini. Nilipoiona video ile niliwaza kuhusu ile sheria ya kutokatiza mbele ya msemaji. Hakuna aliyempa Mulamwah ruhusa ya kusema, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kunyamaza akisema. Mimi naona ni bei kubwa, ingawa wajukuu wangu wanasema sielewi mambo.

Mambo Mbotela alifariki tarehe 7 Februari 2025, akiwa na miaka 84. Kibanda changu kimekuwa cha simu sasa, na kijana wangu ndiye mwenyewe. Redio haziji, ila kaseti zinakuja. Watu huniletea walizokuta kwenye masanduku ya wazazi: kumuse cha mzee fulani kilichorekodiwa miaka ya themanini, mpira wa Ingwe, salamu, mahubiri. Nyingi zimeharibiwa na joto la bati na panya. Ombi langu kwa watu wa Bungoma na Trans Nzoia ni hili: usiziweke darini, usizipe watoto wazichezee, na usizirudishe mbele kwa nguvu kwenye mashine mbovu, maana utepe wa miaka 40 hukatika. Zipeleke kwa fundi mwenye deki inayofanya kazi azihamishie kwenye simu, uandike jina la anayesema na mwaka. Na nyinyi wa kaunti mnaotenga fedha za utamaduni kila Juni, nunueni deki 2. Moja iwekwe Kitale, kwenye jumba la makumbusho, nyingine Bungoma mjini. Mafundi wa kuzitumia bado tuko hai.